Anza na Bodi: Mwongozo wa Kununua Gari Ulilolitamani Ujanani

Ukitaka kununua gari ulilolitamani ulipokuwa kijana, usianze na injini. Najua ushauri huu unakwenda kinyume na desturi ya wanunuzi wengi wa Afrika Mashariki. Wakifika kwenye gari lililotumika hufungua boneti kwanza, huliwasha, husikiliza mlio na kutazama moshi, na mwishoni ndipo hulizunguka kuangalia mikwaruzo. Kwa gari la kazi desturi hiyo ni sahihi, kwa sababu gari la kazi linapimwa kwa safari litakazokufikisha. Lakini Peugeot 504, Datsun 160J, Volkswagen Beetle au Land Rover 109 inayotafutwa leo na mtu wa miaka hamsini na kitu haitafutwi kwa ajili ya kazi. Inatafutwa kwa sababu ya kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo imekaa kwenye umbo, kwenye taa, kwenye vitasa vya milango, kwenye kiti na kwenye sauti. Ninachotetea hapa ni hiki: katika nchi zetu, kile ulichokipenda kwenye gari hilo ndicho kigumu kukirudisha kikishapotea, na kile kinachowatisha wanunuzi, yaani injini na giaboksi, ndicho mafundi wetu wanachokimudu vizuri zaidi. Kwa hiyo utaratibu wa kukagua, wa kupatana bei na wa kutumia fedha unapaswa kugeuzwa.

Angalia jinsi mapenzi hayo yalivyozaliwa. Katika miaka ya 1960 na 1970, watu waliomiliki gari dogo Kenya, Uganda na Tanzania walikuwa wachache mno. Peugeot ilikuwa ya mkurugenzi, ya daktari mkuu, ya mtumishi wa serikali aliyebahatika kupata mkopo wa gari. Ile ndefu ya abiria, nchini Kenya, ilikuwa teksi ya masafa marefu iliyopakia watu na mizigo mpaka juu ya paa. Kijana alilijua gari akiwa nje yake. Alilitambua kwa mlio kabla halijatokeza kwenye kona, aliijua mikao ya taa zake za nyuma usiku, na aliweza kutaja modeli kwa kuona buti peke yake. Wengi waliolipenda hawakuwahi kulikalia usukani hata siku moja, na wala hawakulipia mafuta yake.

Kisha kulikuwa na mashindano ya Safari, ambayo yalianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili na kuwa sehemu ya Pasaka kwa watu waliokaa karibu na njia zake. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika katika barabara za wananchi, kwenye tope na vumbi lao wenyewe, na magari mengi yaliyoshindana yalifanana sana na yale yaliyouzwa madukani. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari saba tu yalifika mwisho, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiendesha Peugeot 404. Katikati ya miaka hiyo Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa gari la aina hiyo. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Datsun zilimpa Edgar Herrmann ushindi mwaka 1970 na 1971, zikampa Shekhar Mehta mwaka 1973, halafu miaka minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Aliyeyaona hayo ana haki ya kuamini kwamba magari yale yalikuwa imara, ushahidi upo. Ila inambidi autenganishe ushahidi huo na gari atakaloonyeshwa leo uani kwa mtu. Peugeot 504 aliyoshindia Ove Andersson mwaka 1975 ilikuwa mpya na ilikuwa na mafundi wa kiwanda nyuma yake. Ile ya Jean-Pierre Nicolas ya mwaka 1978 ilikuwa ya milango miwili yenye injini ya silinda sita, gari ambalo halikuwa la kawaida mitaani kwetu. Uimara wa modeli si hati ya uzima wa gari moja lililoegeshwa miaka kumi na tano chini ya mwembe.

Watafiti wa kumbukumbu nao wameona mara nyingi kwamba watu waliovuka makamo hukumbuka kwa wingi zaidi mambo ya kati ya umri wa miaka 10 na 30, takriban, kuliko ya vipindi vingine vya maisha yao. Hii inaeleza kwa nini gari linalotamaniwa hubadilika kutoka kizazi hadi kizazi. Waliokuwa vijana wakati wa Uhuru huisifu 404 na Beetle. Waliofuata huitaja 504 na Datsun. Watoto wa miaka ya 1980 tayari wanaziulizia Toyota Corolla za boksi. Kwa mnunuzi, somo lililomo ni la bei. Kumbukumbu yako ina nguvu katika umri uleule ambao mfuko wako umeanza kutulia, na dalali anayekuona umeshika mlango wa gari bila kuzungumza anaijua hali hiyo vizuri. Nenda na mtu ambaye hana hisia zozote na gari hilo, na mwachie yeye mazungumzo ya bei.

Kabla hata ya kutafuta gari la kununua, tafuta la kuendesha. Hatua hii wengi huiruka, na mimi naiona kuwa ya lazima kwa sababu niliyoitaja: ulilipenda kutoka nje. Omba mwenye gari kama hilo akupe nusu siku, mlipie mafuta na muda wake, na uliendeshe kwenye foleni ya mchana na kwenye barabara ya vumbi, si kuzunguka mtaa mmoja tu. Utakutana na usukani mzito usio na msaada wa haidroliki, breki zinazotaka mguu wenye nguvu, joto lisilo na kiyoyozi, vioo vidogo vya pembeni na, kwenye Peugeot za mwanzo, gia iliyoko kwenye shingo ya usukani. Peugeot 504 mara nyingi hailiangushi tumaini la mtu hapa, maana viti vyake laini na springi zake ndefu bado vinameza mashimo kuliko magari mengi mapya. Land Rover ya zamani ina kelele na inachosha mgongo. Beetle hutikiswa na upepo wa malori. Ukishuka bado unalitaka, basi unalitaka kweli. Ukishuka umeridhika kwa nusu siku hiyo, umeokoa mamilioni, na hakuna aibu yoyote katika kuendelea kulipenda ukiwa kando ya barabara.

Kuchagua modeli kunategemea zaidi muda ambao kiwanda kiliendelea kuitengeneza baada ya wewe kuipenda. Peugeot 504 ilizinduliwa mwaka 1968, ikachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya kwa mwaka 1969, na ile ya kawaida ya milango minne iliendelea kutengenezwa Ufaransa hadi mwaka 1983. Lakini Afrika iliendelea nayo muda mrefu baadaye: iliunganishwa Kenya, na kiwanda cha Kaduna, Nigeria, kiliitoa hadi miaka ya 2000. Kwa sababu hiyo vipuri vyake vya mwendo havijatoweka. Beetle ina bahati kubwa zaidi, kwani zaidi ya milioni 21 zilitengenezwa na ya mwisho ilitoka Puebla, Mexico, mwezi Julai 2003. Hata bati za sakafu yake bado hutengenezwa mpya na kuuzwa nje. Land Rover za mfululizo wa kwanza hadi wa tatu, zilizotoka kati ya 1948 na 1985, zina jamii kubwa ya wapenzi na mafundi. Mwezi Oktoba 2024 Arusha peke yake ilikusanya mamia ya Land Rover kwa tamasha lao. Datsun ndiyo inayohuzunisha. Injini yake ni rahisi na inafahamika, lakini taa za nyuma, mipira ya vioo na urembo wa dashibodi vimekuwa adimu, na gari lisilo navyo halitakupa ulichokifuata.

Sasa tufike kwenye bodi yenyewe. Mwulize mwenye gari limeishi wapi. Gari lililokaa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Zanzibar limepumua hewa ya chumvi kila usiku. Lililokaa Dodoma au Nakuru limeteseka kwa jua, ambalo huharibu rangi, viti na mipira lakini huyaacha mabati mazima. Kati ya hayo mawili chukua la bara, hata kama rangi yake imefifia na viti vimepasuka. Rangi iliyofifia inasema ukweli. Rangi mpya inayong'aa kwenye gari la miaka arobaini ndiyo ya kuhojiwa, kwa sababu fila, ule udongo laini ambao fundi bodi huzibia mabonde, hupendeza sana ukiwa chini ya rangi mpya. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa laini isikwaruze, na uipitishe chini ya milango, kwenye madigadi karibu na taa kubwa, kwenye matao ya magurudumu ya nyuma na kwenye kingo za chini za kioo cha mbele. Palipo na bati la chuma sumaku itashika. Palipo na fila nene itaachia. Usione aibu kufanya hivyo mbele ya muuzaji. Anayekataa sumaku ameshakujibu.

Kisha ingia chini ya gari, na usikubali kukagua gari ambalo haliwezi kuinuliwa. Kwenye 504 ya kawaida hakuna fremu iliyojitenga na bodi. Sakafu, vizingiti vilivyo chini ya milango na mabati ya ndani ya madigadi ndivyo vinavyobeba uzito wote. Vikiliwa, milango huanza kushuka na pengo kati ya mlango na nguzo halilingani juu na chini. Fungua na ufunge kila mlango bila kuubamiza. Weka jeki pale kiwanda kilipopanga iwekwe na utazame kama gari linainuka au bati linazama. Nyanyua mazulia, ondoa tairi la akiba, gusa sakafu ya buti kwa vidole. Kwenye Beetle, nyanyua kiti cha nyuma, maana betri imekaa chini yake na asidi yake imetoboa sakafu nyingi. Kwenye Land Rover usidanganywe na bodi isiyo na kutu: mabati yake mengi ni ya aluminiamu, yaliyochaguliwa baada ya Vita Kuu ya Pili wakati chuma kilikuwa haba Uingereza, na kutu hujificha kwenye chesisi ya chuma iliyo chini na kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Chesisi hiyo igonge kwa nyundo ndogo mwanzo hadi mwisho, hasa sehemu ya nyuma, na usikilize mahali mlio unapobadilika kuwa wa kopo.

Baada ya kutu, hesabu vilivyopungua. Hapa ndipo wanunuzi wengi hupoteza fedha bila kujua, kwa kuwa kila kilichopungua kinaonekana kidogo. Shoo ya mbele, nembo ya simba, taa kubwa zenye umbo lake lenyewe, vioo vya indiketa, kromu za bampa, vitasa, vipini vya kupandishia vioo, wilikapu, saa ya dashibodi, kioo cha nyuma kilichopinda: andika orodha ukiwa nyumbani kutoka kwenye picha za gari zima, kisha nenda nayo. Kioo cha mbele kilichopasuka usikiandike kama kitu cha kawaida. Ulizia kwanza Gerezani jijini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kama kinapatikana, ndipo upatane bei. Pistoni inaweza kuagizwa na kufika kwa posta. Kromu ya pembeni iliyonyooka, ya mwaka huohuo na ya upande huohuo, inaweza kukusubirisha miaka. Kwa maoni yangu, gari zima lisilowaka lina thamani kuliko gari linalowaka lililopungukiwa vitu ishirini, hata kama muuzaji wa hilo la pili atalizungusha mbele yako mara tatu.

Na injini? Ichunguze, ndiyo, lakini kwa utulivu. Injini za 504 za petroli, za sentimita za ujazo 1796 na baadaye 1971, zina silinda za laina zinazochomolewa. Zikichakaa hubadilishwa pamoja na pistoni zake bila kulichonga bloku lote, jambo linaloifanya ovahoo iwezekane hata mbali na mji mkubwa. Hakuna kompyuta ya kusoma. Kuna kabureta, platineti, kondensa na koili, na fundi mzee atakisikia kilichokosewa kabla hajashika spana. Udhaifu wake upo kwenye maji. Hedi ya aluminiamu juu ya bloku la chuma, na laina zilizozungukwa na maji moja kwa moja, haziwezi kuvumilia miaka ya maji ya bomba. Fungua mfuniko wa oili: ukiona ute mweupe kama maziwa, maji na oili vimekutana, na hilo ni suala la gasketi ya hedi au mipira ya chini ya laina. Fungua rejeta injini ikiwa baridi: maji ya rangi ya tope la chuma yanakueleza jinsi gari lilivyotunzwa. Hayo yote yanatengenezeka na yana bei inayojulikana, basi yatoe kwenye bei ya gari na uendelee. Ukilinunua, weka kulanti sahihi tangu siku ya kwanza.

Watu huuliza pia kuhusu petroli, kwamba magari haya yalizoea ile yenye risasi, ambayo nchi za kusini mwa Sahara ziliiondoa sokoni kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Wasiwasi huu una msingi kwa injini zenye hedi ya chuma cha kutupwa, ambazo viti vya valvu vimechongwa kwenye chuma chenyewe. Mwendo wa kasi wa muda mrefu unaweza kuvila. Hedi za aluminiamu zina viti vilivyopachikwa vya chuma kigumu zaidi, na kwa kawaida hazisumbuki. Ukifika wakati wa kufungua hedi ya chuma, mwambie fundi apachike viti vigumu, na suala hilo limekwisha.

Pingamizi kubwa zaidi litatoka kwa mafundi wenyewe. Watakwambia: kwa nini uhangaike na injini ya zamani, weka ya Toyota ya dizeli, utatembea bila wasiwasi. Hoja yao si ya kupuuzwa. Land Rover na pikapu nyingi za Peugeot vijijini zimeendelea kuishi kwa sababu zilipewa moyo wa gari jingine, na mkulima aliyefanya hivyo alifanya uamuzi wa busara. Lakini yeye alihitaji gari la kubebea mahindi. Wewe umekuja kwa ajili ya gari lenyewe, na sauti ni nusu ya ulichokijua ukiwa kijana, tena ile nusu iliyofika kwanza kabla ya gari kuonekana. Ukiibadilisha injini utakuwa na umbo linalotoa mlio wa basi dogo. Kuna pia upande wa sheria: namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari Tanzania na kwenye logibuku Kenya, na badiliko lisilosajiliwa litakuletea maneno siku ya ukaguzi au ya kuuza. Ukikuta gari zuri lililobadilishwa injini tayari, usilikatae moja kwa moja. Uliza kama injini ya asili bado ipo kwenye kona ya gereji. Mara nyingi ipo.

Wapo watakaosema kwamba magari haya ni hatari, na hapo lazima tuseme ukweli wote: gari la mwaka 1972 halina mifuko ya hewa, halina breki zinazozuia magurudumu kujifunga, na bodi yake haikubuniwa kumlinda abiria kama ya leo. Kulipenda hakubadilishi hilo. Kinachowezekana ni kupunguza hatari kwa vitu visivyoharibu sura. Funga mikanda ya pointi tatu kwa abiria wote, ikichomelewa na mtu anayejua bati linalostahimili mvuto. Badilisha paipu zote za mpira za breki hata kama zinaonekana nzima. Angalia umri wa matairi, si kina cha mistari tu: ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za kwanza zikiwa wiki na mbili za mwisho mwaka wa kutengenezwa, na tairi lenye mistari mizuri lililokaa miaka kumi kwenye gari lisilotembea linaweza kupasuka katika safari ya kwanza ndefu. Na kama huna gari jingine la kupelekea watoto shule kila asubuhi kwenye barabara ya malori, nunua hilo kwanza. Gari la kumbukumbu liwe la pili.

Kuna hoja nyingine ninayoiheshimu kuliko zote: kwamba fedha hizi ni nyingi, kwamba gari hili ni la anasa, na kwamba lilikuwa la wakubwa tangu mwanzo. Wengine hujitetea kwa kusema ni uwekezaji. Siushauri utetezi huo. Thamani ya gari la kumbukumbu inategemea waliolikumbuka, na kizazi hicho kikipita, wanunuzi hupungua; hesabu ya spea na mafundi mara nyingi huzidi ongezeko lolote la bei. Jibu la kweli ni jingine. Nchi zetu hazikuhifadhi vyombo vyake vingi vya kila siku, na ujuzi wa kurekebisha kabureta, kunyoosha bati kwa nyundo na kushona viti umo mikononi mwa wazee ambao kila mwaka wanapungua. Pia hazina ya magari hayo haiongezeki: Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane, na Tanzania huyatoza magari yaliyozeeka ushuru wa ziada, kwa hiyo yaliyopo ni yale yaliyobaki. Anayelitunza moja vizuri, na kumlipa fundi bodi mzee huku kijana akitazama na kujifunza, anafanya jambo lenye maana kwa zaidi ya nafsi yake. Kama fedha hizo ni ada ya mtoto, jibu ni kusubiri.

Karatasi zimewaponza watu wengi kuliko kutu. Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bati na ile ya kwenye kadi au logibuku, herufi kwa herufi, ukiwa umesugua uchafu mwenyewe. Magari ya umri huu mara nyingi bado yako kwa jina la marehemu, na anayekuuzia ni mtoto mmoja kati ya sita. Bila msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, huyo hana cha kukuuzia, hata kama funguo ziko mfukoni mwake; subiri au ondoka. Gari lililotoka mnadani liwe na hati ya mnada. Kenya, namba isiyo na herufi mwishoni ni ya kabla ya mfululizo wa KAA, na ikibaki kwenye gari lake ni sehemu ya historia yake. Mwombe muuzaji picha za zamani, risiti za gereji, hata kitabu cha mwongozo cha kiwanda kilicholiwa na mende. Hivyo vyote vinaingia kwenye bei.

Ukishalipata, gawa fedha za mwaka wa kwanza kwa kufuata hoja ileile. Zuia uharibifu wa bodi kwanza: kata kutu na uchomelee bati jipya, si kuziba juu yake, fungua matundu ya kutolea maji chini ya milango, paka dawa ya kuzuia kutu ndani ya vizingiti, na tafuta paa la kuliegeshea. Halafu breki, matairi na usukani. Halafu rejeta, paipu za maji na wayaringi, kwa sababu nyaya zilizoungwaungwa kwa miaka arobaini zinaweza kulichoma gari lote. Injini ikifanya kazi, iache ifanye kazi na uliendeshe kila wiki, maana gari lililolala huharibu breki, tangi na mipira yake lenyewe. Wakati huo nunua kila kipande cha urembo unachokutana nacho, hata usipokihitaji leo. Kama unaishi karibu na Nairobi, nenda kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance ya uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, uone jinsi magari yaliyotunzwa kwa miaka yanavyoonekana hadi chini ya boneti, na uwaulize wenye nayo majina ya mafundi wao. Rangi ije mwisho kabisa, baada ya mwaka au miwili, mabati yakishathibitika. Tafuta rangi ya asili mahali ambapo jua halikufika, ndani ya buti au nyuma ya dashibodi, na umpelekee mchanganya rangi kipande chenyewe.